Vifungo Saba vya Shangazi

Machi 4

Mvua imeanza leo na mimi sikuisikia. Kuta za chumba chetu zimefunikwa shaba kwa ndani, na mashine ikianza kugonga hata ngurumo haina nafasi. Nilitoka jioni nikakuta ua wa hospitali umejaa maji na watu wamejibanza chini ya paa, nikasimama pale kama niliyeamshwa usingizini. Nimeamua kuandika msimu huu wote. Siku zangu zinapita kama ndoto, na ndoto zenyewe nazisahau kabla ya chai.

Kazi yangu ni mlango. Nilisomea uuguzi nikaishia kuwa bawabu, ndivyo Shangazi anavyonitania, na kazini jina hilo limenikaa. Huko ndani kuna sumaku kubwa inayopiga picha za ndani ya mwili. Haizimwi, usiku na mchana iko macho. Ukiingia na kibanio cha nywele kinakutoka kichwani na kwenda zake. Kwa hiyo kila anayepita, awe mgonjwa, awe profesa, namuuliza swali moja: “Una chuma?” Mfukoni, mwilini, moyoni. Moyoni si utani, wapo waliowekewa kimashine cha kuongoza mapigo.

Mwaka huu wametuongezea chumba cha upasuaji kilichoshikana na chetu, kati yavyo mlango wa kuteleza. Daktari anapasua kwa mrija wa kamera, mwembamba kama penseli. Akitaka kujua amefika wapi, vyuma vyote vinatolewa, mlango unafunguliwa, na kitanda kinasukumwa hadi kwenye sumaku, mgonjwa akiwa amelala vilevile. Mimi nasimama katikati ya vyumba viwili, na swali langu halipumziki.

Machi 6

Mvua. Shangazi amejigonga bega kwenye mlango wa jikoni. Anasema milango ya siku hizi inatengenezwa myembamba. Mlango huo umenizidi umri.

Machi 11

Mteja amerudisha sare ya shule ya mwanawe. Mkono wa kushoto wa shati ni mrefu kuliko wa kulia, na Shangazi aliipima yote miwili mara tatu. Huyu ni dada yake Baba, aliyenilea tangu Mama alipofariki, na katika maisha yangu yote sijawahi kumuona akiachia kitu upogo. Mshono ukienda pembeni kwa upana wa uzi, anafumua wote. Picha ukutani ikiinama kwa jirani, anainuka kuinyoosha kabla hajasalimia. Tukimwambia ni nyumba ya watu, anasema macho ni yake.

Mteja alipoondoka nilimkalisha kwenye kiti cha cherehani nikamwambia aniangalie puani. Nikanyoosha mikono yangu miwili pembeni ya kichwa chake, nikachezesha vidole.

“Unaona nini, Shangazi?”

“Naona pua. Hujajipaka mafuta.”

“Na vidole?”

“Vidole gani?”

Nikavileta mbele polepole, nikivichezesha, hadi vilipokaribia kugusa mashavu yangu mwenyewe. Hapo ndipo alipoviona. Nikacheka, nikamwambia ni uchovu, anywe maji. Kisha nikaenda bafuni nikafungua bomba ili nisisikike.

Machi 12

Nimeota nauliza mvua kama ina chuma. Ikasema haina, nikairuhusu ipite.

Machi 15

Leo nimemlaza Shangazi kwenye mashine yangu mwenyewe.

Nilimuuliza mlangoni kama ninavyouliza watu wote, maana sheria haina ndugu. “Una chuma?” Akanitazama kwa huruma. “Mwanangu, mimi ni fundi. Nitakosaje chuma?” Tukaanza kutoa. Pini nne kwenye ukosi. Sindano yenye uzi mweusi ndani ya kitambaa cha kichwa. Kastabini ya kukinga kidole, mfukoni. Kikwasi kwenye sketi, kingine kwenye pindo la ndani, na wembe mdogo wa kufumulia uliofungwa kwenye karatasi na kuwekwa mahali ambapo mwanamke mwenye heshima huweka pesa. Trei ililia kama kapu la mganga. Nilimpapasa mara mbili zaidi, na bado sikuwa na amani.

Mpiga picha wetu tunamwita Usitikisike, kwa kuwa hilo ndilo neno analolisema kutwa nzima kwenye kipaza sauti, na mara nyingi ndilo pekee. Simpendi. Hasalimii, hatanii, na akikuletea habari mbaya anaileta kama mtu anayerudisha sahani. Alinionyesha picha kwenye kioo cha kompyuta bila kunigeukia. Kichwa cha Shangazi kilikuwa cha kijivu, kimetulia, kama mji ulioangaliwa kutoka juu wakati wa ukungu. Katikati yake, nyuma ya pua na chini ya ubongo, palikuwa na kitu cha mviringo kama punje ya zabibu, kimeinua kichwa na kukandamiza mishipa ya macho pale inapopishana.

“Hicho,” alisema.

Nilijua ni hicho. Sikuhitaji kuambiwa.

Machi 18

Tumemuona daktari mpasuaji. Manesi wanamwita Taratibu, mwanamke wa makamo mwenye mikono midogo, na kweli kila sentensi yake ina neno hilo. Shangazi alimwuliza moja kwa moja.

“Nikikaa hivihivi?”

“Kushoto na kulia kunazidi kufunga, mama. Taratibu, lakini kunafunga. Mvua hizi zikiisha, naogopa na macho yatakuwa yameisha.”

“Na ukinipasua?”

“Pengine yarudi. Pengine yabaki yalivyo. Sitakudanganya.”

Akaeleza kwamba hatafungua fuvu. Atapita puani na mrija wa kamera. Kamera, alisema, inaona vizuri sana kilicho mbele yake, lakini haioni nyuma ya ukuta, na nyuma ya ukuta huo kuna mishipa mikubwa ya damu. Sumaku inaona nyuma ya kila ukuta, ila picha yake ni ya jana. Basi wanaviunganisha: kwenye kioo kimoja anaona njia yenyewe ya sasa, na juu yake ramani ya sumaku inayomwambia hapa kuna mshipa, hapa kuna mfupa, usiguse. Nimesikia maelezo hayo mara nyingi nikiwa mlangoni. Leo ndiyo mara ya kwanza kuyasikiliza.

Tulipotoka nje Shangazi alifungua mwavuli, akauliza, “Huyo wa pua, yeye mwenyewe kucha anazikata kwa nani? Mikono yake misafi.”

Machi 19

Amekataa. Baba amekuja kumuunga mkono, na wakaniweka katikati kama mshitakiwa.

“Kichwa hakichezewi,” alisema Baba. “Tena kupitia puani! Mtu anapasuliwa puani kama anatolewa kamasi?”

“Na mimi sina mafua,” akasema Shangazi.

Niliwaambia mficha maradhi kifo humuumbua. Baba akaniambia nisimletee dada yake methali za kifo ndani ya nyumba. Nimekasirika, nalala bila kula.

Machi 20

Mvua kutwa. Hatusemeshani. Cherehani inasemeshana na paa.

Machi 24

Jumapili, na tumepatana, lakini kwa njia niliyoionea uchungu.

Alikuwa anakata kitambaa cha suti mezani, mimi nasinzia kwenye mkeka. Nikasikia mkasi ukienda vizuri, mrefu, ule mlio wake wa kuchana hewa, halafu ukasimama. Alikuwa amekata kitambaa cha mteja, kitambaa cha meza, na pamoja navyo ubavu wa gauni lake mwenyewe, kutoka kiunoni hadi gotini. Alisimama na mkasi mkononi, paja nje. Akaanza kucheka. Nami nikacheka, tukacheka hadi tukashikana, kisha nikagundua kwamba mwenzangu hacheki tena.

Akaketi barazani na gauni lake lililochanika. Mvua ilikuwa inanyesha pande zote za nyumba.

“Unajua naionaje?” aliniambia. “Mbele hapa inanyesha. Huku na huku naisikia tu. Kama niko ndani ya mkono wa shati, natazama tundu la mbele.”

Nilimwegemea.

“Na tundu lenyewe linapunguzwa, mwanangu. Mimi nayajua mapindo. Haya, mpigie huyo daktari wako wa pua.”

Machi 28

Muuguzi mkuu amenitoa kwenye orodha ya siku ya upasuaji wa Shangazi. Ndugu wa mgonjwa haingii thieta, hata mlangoni. Atasimama mwingine mahali pangu na kuuliza swali langu. Nilibisha. Nilisema hakuna anayejua kuwapekua watu kama mimi. Usitikisike alikuwa karibu, anafuta kioo chake, akasema bila kuinua kichwa: “Ndiyo maana hufai siku hiyo. Utakuwa unamtazama mtu mmoja tu.” Nilitamani kumrushia trei. Jioni nimewaza kwamba alisema kweli, na hilo limenikera zaidi.

Aprili 1

Kunyesha, kusinzia, kufua, kuanika ndani.

Aprili 4

Nimeota natembea ndani ya pua ya Shangazi na tochi. Kuta zilikuwa za waridi, zenye unyevu, zinapumua. Mbele nilisikia cherehani ikishona, nikajua kwamba nikifika ilipo nitamkuta. Nikatembea na kutembea. Sikuogopa hata kidogo. Nilipoamka ndipo nilipoogopa.

Aprili 8

Amelazwa. Amekuja na mfuko mmoja, kanga mbili, na uzi wa kufuma kwa mkono kwa sababu sindano nilimnyang'anya mapema.

Mchana Usitikisike alimbandika vile vibandiko. Ni vidude vidogo vya duara vyenye tundu katikati, saba kwa jumla, kwenye paji la uso, kwenye mapanja na nyuma ya masikio. Kwenye picha ya sumaku vinang'aa. Kesho daktari atagusa kila kimoja kwa ncha ya kijiti maalumu, na kompyuta italinganisha: hiki cha kwenye ngozi ni kile cha kwenye picha. Hivyo ndivyo ramani na kichwa vinavyokutanishwa. Alivizungushia wino kimoja kimoja, akamlaza kwenye sumaku, akapiga picha za ramani. Neno lake lilikuwa lile lile. Shangazi alitoka ameudhika.

“Yule kijana hana mama? Kanibandika vifungo usoni ovyo ovyo, kimoja huku, kimoja kule. Hata fundi wa kwanza kujifunza hawezi.”

“Vinatakiwa hivyo, Shangazi. Viache.”

“Nani kasema navigusa?”

Nilimuaga kabla ya giza. Alikuwa amekaa kitandani na kioo changu kidogo cha mkononi, anajitazama kwa lile tundu la mbele alilobaki nalo. Nilifikiri anajiaga sura yake, nikaondoka nikifuta machozi. Laiti ningegeuka.

Aprili 9

Naandika haya nyumbani, na sitaki kuacha kitu.

Asubuhi nilifika kabla hawajamchukua. Alikuwa amenawa uso, amejifunga kitambaa vizuri, anang'aa. Nilimbusu kwenye paji la uso, kati ya vile vibandiko, nikajisemea, kapendeza. Ndilo neno nililolifikiri: kapendeza. Mimi ambaye kazi yangu ni kukagua watu tangu vidole vya miguu.

Daktari wa usingizi alimtania kwamba atamlaza usingizi mzuri kuliko wa mpwa wake. Inaonekana sifa zangu zimefika mbali. Mlango wa kwanza ukafungwa. Nikasikia mwenzangu ndani akiuliza, “Una chuma?” na sauti ya Shangazi ikijibu, “Muulize Bawabu, alikwisha kunimaliza.” Kisha mlango wa pili.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini na Baba. Alikuja na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, amelowa bega moja, na kila mara alikuwa ananiuliza, “Sasa wanafanya nini?” Nami namwambia: sasa wanamlaza. Sasa wanamfunga kichwa kisicheze. Sasa daktari anashika kijiti, anagusa kifungo cha kwanza. Nilikuwa nayaona yote nikiwa nimefumba macho. Mvua juu ya bati la ukumbini ilikuwa nzito, nikawa kama ninaelea kati ya kulala na kuwa macho.

Kisha mlango ulifunguliwa kidogo, mtu akitoka kuchukua kitu, na nikasikia sauti ya Taratibu. Haikuwa taratibu.

“Umenipa picha ya nani?”

Baba aliniangalia. Mlango ukafungwa tena, na baada ya muda ukafunguka, akatoka Usitikisike, amevaa kofia ya thieta na mifuko ya plastiki miguuni. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye benchi na kuchuchumaa mbele yangu, kitu ambacho sijawahi kumuona akikifanya kwa mtu yeyote.

“Bawabu, sikiliza. Hajaguswa bado. Amelala salama. Lakini ramani haikubali. Daktari akigusa ncha ya pua, kwenye kioo tunaona amegusa hewa. Akigusa kati ya macho, kioo kinasema yuko ndani ya jicho. Vile vibandiko, kuna mtu alivigusa?”

“Hakuna.”

“Fikiria.”

“Nimekwambia hakuna, nani angevigusa? Ni wewe labda umechanganya picha, halafu unakuja kutafuta…”

Alisubiri tu. Nikarudi akilini mwangu hadi asubuhi, hadi lile paji la uso nililolibusu. Nikaona kwa nini lilikuwa limependeza.

“Vilikuwa sawa,” nikasema.

“Sawa vipi?”

“Vimelingana. Vitatu huku, vitatu huku, kimoja katikati. Kama vifungo vya shati.”

Alifumba macho. “Mimi nilivipanga upogo kwa makusudi. Vikilingana, kompyuta inaweza kuchukua kushoto ikadhani ni kulia.”

Baba alikuwa wa kwanza kuelewa kabisa, maana yeye alizaliwa naye nyumba moja. “Amevinyoosha,” alisema. “Dada amevinyoosha! Huyo hata akifa atainuka kunyoosha sanda!” Kisha akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akatetemeka, sikujua kama ni kicheko au kilio.

“Nilizungushia wino,” alisema Usitikisike.

“Amenawa uso.”

“Na mimi sikuangalia tena asubuhi. Hilo ni langu.” Akainuka. “Tutampiga picha upya, hapo hapo kitandani. Ndiyo sababu sumaku iko mlango wa pili.” Alipiga hatua, akageuka. “Na usiseme tena kwamba ningeweza kuchanganya picha yake. Naijua picha hiyo kuliko ninavyojua uso wangu.”

Baadaye mwenzangu wa mlangoni aliniambia kwamba Usitikisike aliporudi ndani alimwambia daktari: “Picha ni yake na kichwa ni chake. Vilivyohama ni vifungo.” Hakunitaja, wala hakumtaja Shangazi kwa ubaya. Daktari akamwomba radhi mbele ya watu wote.

Mashine yetu ikigonga, mtu wa ukumbini haisikii kwa masikio. Anaisikia miguuni, sakafuni, kama moyo wa nyumba. Nilivua viatu. Ikagonga. Nikamwambia Baba, wanachora ramani mpya. Ikanyamaza. Nikamwambia, sasa wanaingia.

Halafu ulikuja ule muda ambao hauna kipimo. Mvua ilipungua, ikazidi, ikapungua. Baba alilala akiwa amekaa, kichwa begani kwangu, mzee wa watu. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye ile njia ya waridi. Niliona ncha ya mrija ikipita, taa yake nyeupe mbele, na juu ya picha hiyo mistari ya ramani, mshipa huku, mshipa huku. Niliona ukuta wa mfupa ukifunguliwa, mwembamba kama ganda la yai. Sikuwapo, lakini niliona.

Sakafu ikagonga tena. Mara ya pili. Hii ndiyo ya kukagua: wamekitoa, wanaangalia kama kimebaki. Ikinyamaza, na kitanda kikatoka mapema, ina maana pamekuwa safi. Ikanyamaza. Nikakaza macho kwenye mlango. Hakikutoka kitu. Nikamwamsha Baba bila sababu.

“Sasa wanafanya nini?”

“Wamerudi ndani,” nilisema. “Kimebaki.”

Baba alinishika mkono. Ana mkono mgumu, wa kazi, na nilitambua kwamba sijaushika tangu nikiwa mtoto. Niliogopa kumpoteza Shangazi, na niliogopa zaidi kumrudisha nyumbani gizani, kwenye meza ile, na mkasi ule. Nilimwambia Baba hivyo hivyo. Akasema, “Na mimi.”

Sakafu iligonga mara ya tatu. Mvua ilikuwa imekatika, kwa hiyo niliisikia vizuri. Ikanyamaza. Mlango ukafunguka, na kitanda kikatoka.

Alikuwa amelala, pua imejazwa pamba, midomo mikavu. Taratibu alishusha barakoa. Kamera ilimwonyesha pamekwisha, alisema, kila alikoangalia palikuwa safi. Picha ya sumaku ndiyo iliyoonyesha kipande kimejificha juu, upande wa kushoto, nyuma ya kona ambayo kamera haikuweza kupinda. Bila picha hiyo angefunga na kuondoka nacho. Amekitoa chote. “Lakini mshipa wa kushoto ndio uliobanwa zaidi,” aliongeza. “Tusubiri. Taratibu.”

Aprili 10

Ameamka. Anakataa kufumbua macho. Anasema yana mchanga, kisha anasema yana usingizi. Mwishowe akasema ukweli: “Niache nipumzike kwanza. Nikifumbua nisione, niwe angalau nimelala vizuri.” Nami sikumlazimisha. Nina kazi ya kuwauliza watu maswali, lakini hili sikuweza kuliuliza.

Aprili 11

Amefumbua kidogo. Ukungu, anasema. Uvimbe wa upasuaji, anasema daktari.

Aliniuliza kwa nini walichelewa. Nikamweleza habari ya vifungo. Akauliza, “Na yule kijana alisemwa kwa ajili yangu?” Nikasema ndiyo. Akaomba nimwite.

Usitikisike alikuja na koti lake la kazi, akasimama miguuni pa kitanda kama mwanafunzi.

“Samahani, baba,” alimwambia. Alimwita baba, mtu ambaye yeye Shangazi amemzidi miaka thelathini. “Vilikuwa vimeniuma machoni. Ungeniambia tu kwamba upogo ule una kazi, ningeuacha. Mimi naheshimu kazi ya mtu.”

Yule mtu alijikuna shingo. “Mimi sina maneno mengi, mama. Kuanzia sasa nitaeleza.” Na leo mchana, nikiwa mlangoni, nimemsikia akimwambia mgonjwa mwingine kila kibandiko kina kazi gani, neno kwa neno, kwa taabu, kama anayebeba mzigo ngazini. Nimempelekea chai. Hakushukuru, ila ameimaliza.

Aprili 13

Mvua nyembamba. Baba ameleta redio, wamegombana kuhusu stesheni.

Aprili 15

Leo nilikuta wamempandisha mito, amekaa wima, uso mbele, macho wazi. Wodi ilikuwa kimya, wengine wamelala baada ya chakula. Nilivuta kiti nikakaa mahali pangu pa siku zote, kando ya meza yake ndogo. Hakunisalimia. Nilidhani anasinzia.

“Nyamaza kwanza,” alisema, ingawa sikuwa nimesema. “Usinichezeshee vidole vyako. Najipima mwenyewe.”

Nikaficha mikono chini ya mapaja.

“Mbele naona ukuta. Una ufa, hawakuupaka vizuri. Huku kulia…” Shingo yake haikugeuka. “Huku kulia naona dirisha. Naona maji yanashuka kwenye kioo. Naona yule mama wa kitanda cha pili amelala mdomo wazi, na nzi anamzunguka.”

Nilijishika mdomo. Machozi yalinitoka, nikayaacha yatoke. Dirisha hilo lilikuwa mbali kabisa pembeni, mahali ambapo mwezi uliopita palikuwa giza.

“Naona pazia,” aliendelea, na sauti yake ilikuwa inapanda kama ya msichana. “Naona mkono wangu. Subiri niuinue. Naona mkono wangu wote, mwanangu, hadi kiwiko.”

“Na kushoto, Shangazi?”

Nje mvua ilikuwa inanyesha pande zote.

“Kushoto ni palepale,” alisema. “Nimejaribu tangu asubuhi. Daktari naye amejaribu. Anasema tusikate tamaa, lakini nimemsikia alivyosema.” Akavuta pumzi kwa kinywa, maana pua ilikuwa bado nzito. “Cherehani tutaigeuza. Kitambaa kitaingilia kulia. Nitajifunza upya, nitaharibu kidogo, watanisema, nitafumua. Wewe umekaa wapi?”

“Kushoto kwako.”

“Basi ndiyo maana nakusikia tu. Zunguka uje huku nikuone.”

Nikabeba kiti, nikazunguka kitanda, nikakaa upande wa dirisha. Sikusema kitu. Aliendelea kutazama ukuta wa mbele, ule wenye ufa.

“Umekonda,” alisema, bila kugeuza shingo.